Huyu Wagner wa kikapu alifikaje huko? Kijana wangu wa kidato cha nne ananiumiza kichwa

FundiGeti_Nkuhungu aliandika:

Mbukwenyi wanajukwaa. Kwa msiojua Kigogo, nimewasalimu tu, msiogope.

Mimi ni fundi wa mageti na madirisha, nipo Nkuhungu hapa Dodoma. Mpira wa kikapu siujui. Mimi ni Simba na Yanga, zikimalizika nazima runinga nalala. Sasa nina swali, na najua humu kuna vijana wanaokesha kuangalia hayo mambo ya Marekani.

Mwezi wa saba kijana wangu alirudi kutoka soko la Sabasaba na jezi ya mtumba, ya bluu, mgongoni WAGNER na namba 22. Nikamwambia aivue saa ile ile. Wagner ninayoijua mimi ni wale askari wa kukodi wa Kirusi waliokuwa wanatajwa kila siku kwenye taarifa ya habari. Mtoto anatembea na jina hilo mtaani ili iweje? Alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe ni mchezaji, Mjerumani, anaitwa Franz, yupo timu ya Orlando, na inatamkwa "Vagna". Tangu siku hiyo huyo Vagna yupo nyumbani kwangu kama mpangaji asiyelipa kodi. Asubuhi Vagna, jioni Vagna, hata mke wangu siku hizi anaulizia hali yake.

Niwaeleze kidogo kuhusu huyu kijana. Ana miaka 17. Mlango mdogo wa geti langu niliuchomelea urefu wa mita mbili kamili, na akivaa raba anauinamia kwa mazoea tu, bado sentimita nne afike. Mwaka juzi alinililia goli la kikapu. Nikasimamisha bomba la inchi nne kwenye zege, nikafunga plaiwudi, ringi nikakunja kwa nondo ya milimita 16. Aliniambia ringi iwe na upana wa sentimita 45 na ikae mita 3.05 kutoka chini. Nikapiga hesabu yangu ya fundi, nikakata nondo sentimita 141, nikakunja, nikachomelea, nikapiga grenda ikang'aa. Akaja na futi. "Baba, imepungua." Kweli, nilisahau kwamba unene wa nondo nao unakula nafasi kwa ndani. Ilitoka 43 na kitu. Nikamwambia mashine imeshapoa, tupa hivyo hivyo. Ndiyo anayotupia mpaka leo, na upepo wetu huu wa Dodoma mnaujua, kuanzia mwezi wa nane mpira unatupwa ukielekea kwenye goli unaishia kwa jirani kwenye banda la kuku.

Sasa tatizo. Mwezi uliopita alikuja mtu na gari nyeupe, anasema anatafuta vipaji, alimwona kijana kwenye mechi ya shule. Anataka aende Dar mwezi huu wa kumi, akae kambini na wenzake, atapewa posho, halafu kuna watu wa nje watakuja kuwaangalia. Nikauliza, na mtihani wa Novemba? Akasema atafanya mwakani kama mtahiniwa binafsi. Akaniachia karatasi tatu za Kiingereza nisaini mimi, maana mtoto hajafika miaka 18.

Nilikataa pale pale. Kijana hakunijibu vibaya, ana adabu, ila alinipa hoja moja inayonisumbua mpaka leo: "Baba, Franz alikuwa anacheza timu ya wakubwa Berlin akiwa na umri wangu huu huu."

Na kuna jingine. Wiki iliyofuata walikuwa na mechi. Alitupa mara tisa, ukaingia mmoja. Alirudi hakugusa chakula, na ilikuwa ugali wa uwele na mlenda ambao kwa kawaida tunamnyang'anya sufuria. Usiku ananiambia kwamba hata Vagna aliwahi kutupa mara 15 ukaingia mmoja, katika mechi ya mwisho kabisa ya kutafuta kuvuka. Hapo nikaona sasa ananidanganya. Mtu akose kumi na nne halafu aendelee kulipwa? Mimi nikikosea mageti kumi na nne kati ya kumi na tano nitakuwa nimehama mkoa.

Naomba mwenye kujua anieleze ukweli. Huyu Mjerumani aliacha shule? Na hiyo ya kumi na tano ni kweli?

---

Kona_ya_UDOM alijibu:

Shikamoo mzee. Nipo chuo hapa juu, na mimi ndiye mmoja wa hao wanaokesha. Mechi za Orlando za nyumbani nyingi zikianza saa moja jioni kwao, hapa ni saa tisa usiku. Naangalia chini ya blanketi na spika za masikioni ili wenzangu wa chumbani wasinipige viatu.

Kijana wako hajakudanganya hata moja. Ila amekupa nusu ya habari, kama watoto wote.

Nianze na ya kumi na tano. Ilikuwa 5 Mei 2024, mechi ya saba dhidi ya Cleveland, raundi ya kwanza ya mtoano. Kila timu ilikuwa imeshinda mechi tatu, anayeshinda anasonga. Orlando waliongoza mpaka tofauti ikafika pointi 18. Franz akatupa mara 15, ukaingia mmoja, akamaliza na pointi 6, wakafungwa 106-94. Mtu huyo huyo, mechi ya nne ya mfululizo ule ule, alikuwa amefunga 34. Niliizima simu kabla haijaisha, nikaenda kunawa uso.

Na hiyo haikuwa mara ya kwanza. Machi 2021, akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha Michigan, walicheza na UCLA kutafuta nafasi ya nusu fainali ya vyuo. Alitupa kumi, ukaingia mmoja. Mwishoni kabisa akapata nafasi nzuri ya pointi tatu, mpira haukugusa hata ringi. Wakafungwa 51-49. Miezi minne baadaye Orlando wakamchagua wa nane kwenye drafti, ile siku timu za ligi ya Marekani zinapochagua vijana wapya. Na baada ya ile ya Cleveland, miezi miwili tu, wakampa mkataba wa miaka mitano wa dola milioni 224, wa kuanzia msimu wa 2025/26. Zidisha kwa 2,500 mwenyewe mzee, mimi kikokotoo kilinigomea.

Kwa nini walimlipa? Kwa sababu waliomlipa walikuwa wanaangalia mechi zote, siyo ile moja. Msimu wake wa kwanza wastani wa pointi 15.2, wa pili 18.6, wa tatu 19.7, wa nne 24.2. Kila mwaka alipanda. Na nikuambie siri, mitupo yake ya mbali ilikuwa mibovu, ule msimu wa Cleveland alikuwa anaingiza asilimia 28 tu ya pointi tatu. Chakula chake ni kupenya. Anaingia na hatua ndefu kama anaruka mtaro, anageuka, unamwona amechelewa, kumbe wewe ndiye uliyewahi.

Sasa shule. Amezaliwa Berlin, Agosti 2001. Amelelewa kwenye timu za vijana za Alba Berlin. Ni kweli, msimu wa 2018/19 alikuwa na miaka 17 na alikuwa anacheza timu ya wakubwa ya Alba, chini ya kocha mmoja mzee wa Kihispania, Aíto García Reneses, ambaye alikuwa na zaidi ya miaka 70 na hakuogopa kuwaingiza watoto. Msimu ule akachaguliwa kijana bora wa Kijerumani wa ligi. Alba wakamtaka asaini mkataba wa kulipwa.

Akaukataa, mzee. Hiyo ndiyo nusu ambayo kijana hakukwambia. Enzi zile ukishasaini na kulipwa kama mchezaji, mlango wa vyuo vya Marekani unajifunga. Yeye alikuwa amecheza na wakubwa bila kusaini. Akaenda Michigan mwaka 2019, akakaa darasani misimu miwili. Alianza kwa kuvunjika kifundo cha mkono, na mwaka wa kwanza ukakatishwa na korona. Hakuwa na haraka yoyote.

---

MlimwaMoja alijibu:

Mnampoteza mzee wa watu. Huyo Franz kaka yake Moritz alikuwa ameshapita Michigan hiyo hiyo, akachukuliwa NBA, hiyo ligi kuu ya Marekani, 2018, na mdogo alipochaguliwa Orlando alimkuta kaka yupo kambini tayari. Nyumbani kwao walishajua karatasi gani inasainiwa na ipi inachaniwa. Alba wana makocha mpaka kwenye shule za chekechea za Berlin. Sisi hapa mtoto anatupia nondo ya baba yake, samahani fundi.

Sisi wenyewe tulitoa Hasheem Thabeet, drafti ya 2009, wa pili dunia nzima. James Harden alikuwa wa tatu, Steph Curry wa saba, mastaa wakubwa wote wawili. Watu wanasema alishindwa. Mtu alianza kushika mpira akiwa na miaka kama 15, akafika huko ndani ya miaka michache, tunasema alishindwa. Wagner akiwa na miaka 15 alikuwa ameshafundishwa mpaka namna ya kuanguka.

---

FundiGeti_Nkuhungu alijibu:

Wa Mlimwa, nondo yangu usiitukane, imeshavumilia misimu miwili ya masika na haijapinda.

Kijana wa UDOM, marahaba, na Mungu akuzidishie usingizi mchana. Nimemsomea kijana ujumbe wako wote jioni hii. Nilipofika kwenye "akaukataa, mzee" akaanza kuangalia feni. Alikuwa anajua! Nikamuuliza mbona hukuniambia, akasema "hukuniuliza baba." Haya.

Ila nataka nielewe kitu kimoja. Huyo Franz alipokosa wale kumi na nne alifanya nini kesho yake? Maana huyu wangu ana siku ya tisa hajagusa mpira. Umelala pale kwenye kreti la soda, kuku wanaukalia.

---

Kona_ya_UDOM alijibu:

Kesho yake sijui alikula nini, mzee. Ninachojua ni kilichofuata kwenye uwanja. Miezi sita baadaye, Novemba 2024, wapo nyumbani kwa Lakers, timu ya staa LeBron James, naye yupo pale, sekunde zimebaki tatu hivi, wako nyuma kwa pointi mbili. Akatupa ya pointi tatu, huo huo mtupo wake mbovu ninaousema. Ukaingia. 119-118, na yeye pointi 37. Mwezi uliofuata akachanika msuli wa ubavuni, akakaa nje mechi 20. Kaka yake naye mwezi huo huo akakatika kano ya goti. Nyumba moja, Desemba moja.

Na kabla ya hapo, Kombe la Dunia 2023. Mechi ya kwanza kabisa dhidi ya Japani akateguka kifundo cha mguu. Wenzake wakacheza bila yeye mpaka robo fainali, ndipo akarudi. Nusu fainali wakaitoa Marekani 113-111, yeye 22. Fainali Manila wakaifunga Serbia 83-77, yeye 19. Ilikuwa Jumapili alasiri kwa saa zetu, mechi pekee kubwa ambayo nimewahi kuiangalia nikiwa na wali mkononi badala ya usingizi.

Halafu tarehe 14 Septemba 2025, fainali ya Ulaya kule Riga. Wamewafunga Waturuki 88-83. Kijana wako lazima aliiona, ilianza saa tatu usiku kwetu. Usimwangalie Franz peke yake pale. Mwangalie Isaac Bonga, wazazi wake ni wa Kongo hii hii, na ndiye aliyechaguliwa mchezaji bora wa fainali. Na nahodha Dennis Schröder, mama yake ni wa Gambia. Yeye ndiye aliyewamaliza dakika ya mwisho.

---

Mwl_Kikapu alijibu:

Habari za jioni baba. Mimi ni mwalimu wa michezo, shule ya sekondari hapa hapa mkoani, nimepeleka watoto UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, mara nyingi kuliko nywele zilizobaki kichwani kwa mume wangu.

Mengine vijana wameshayasema. Mimi nataka kuzungumzia zile karatasi tatu.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na binti, mrefu, mkono laini, mtupo wake ukiusikia tu kwenye nyavu unajua ni yeye. Akaja mtu wa aina hiyo hiyo, lugha hiyo hiyo, "mtihani atafanya mwakani." Mzazi akasaini. Kule kambini walilala kumi na mbili chumba kimoja, posho ikalipwa miezi miwili. Wa tatu akaumia goti, na hakuna aliyejua nani anagharamia, kwa sababu kwenye karatasi hakukuwa na neno hata moja kuhusu matibabu. Aliletwa stendi na begi lake. Huo mtihani wa mwakani hakuufanya mpaka leo. Ana banda la chipsi, anaendesha maisha, ila akiniona anageuza uso, na mimi ndiye niliyempa yule mtu namba ya mzazi. Sijasahau.

Kwa hiyo baba, karatasi zisomwe na mtu anayejua Kiingereza cha mikataba, aangalie mambo haya: mtoto anafungwa miaka mingapi, nani anachukua asilimia ya atakachopata baadaye, akiumia nani analipa, na nani anashika pasi yake ya kusafiria. Yule Mjerumani alipokuwa na miaka 17 alikuwa na klabu, shule na wazazi kwenye mji mmoja, analala kwao. Alicheza na wakubwa jioni, asubuhi yupo darasani. Huyu anayetaka kumtoa wako wiki sita kabla ya mtihani haendi njia ile, hata kama jezi ni ile ile. Na hao wa nje anaosema watakuja, wakiwa ni wa vyuo kweli, kitu cha kwanza watakachouliza ni cheti cha sekondari. Hawaulizi posho.

Kuhusu tisa-kwa-moja. Nilikuwepo kwenye mechi hiyo, nadhani kijana wako namfahamu, yule anayeinama akiingia stoo ya vifaa. Baba, ule uwanja goli la upande wa magharibi linaangalia upepo. Kipindi chote cha pili alikuwa anatupia huko. Mitupo minne niliiona ikiwa sawa mpaka ilipofika juu, ikasogea. Wenzake waliacha kutupa mbali, wakaanza kuingia ndani. Yeye aliendelea kutupa. Hapo ndipo alipokosea, siyo mkono. Mkono wake ni mzuri, tena mpira wake unapanda juu sana kabla ya kushuka. Nilikuwa najiuliza nani amemfundisha. Kumbe ni ringi yako iliyopungua. Kwenye ringi nyembamba mpira bapa hauingii, lazima uupandishe.

---

MlimwaMoja alijibu:

Naomba kufuta kauli yangu kuhusu nondo.

---

FundiGeti_Nkuhungu alijibu:

Imefutwa, lakini tumeshaipiga picha.

Mwalimu, asante sana. Hiyo ya upepo nilimwambia bila kumtaja aliyesema. Akanyamaza, halafu akatoka nje. Nikadhani amekasirika. Baadaye nasikia kuku wanapiga kelele, kumbe anautoa mpira. Alikaa pale kwenye giza kama saa nzima, na hakutupa hata mmoja wa mbali. Anaanzia kwenye ngazi ya jikoni, anachukua hatua mbili ndefu, anaweka. Anarudi. Mke wangu akasema mwambie aache, majirani wamelala. Sikumwambia.

Yule mtu wa gari nyeupe nilimpigia, nikamwambia karatasi zinasomwa na mwalimu, na kijana atakuwa huru baada ya mtihani, aje Desemba tuongee. Alisema sawa mzee. Tangu Jumanne hapokei simu.

Tumekubaliana hivi na kijana: Novemba mtihani, na Januari 2026 nalipia kisimbuzi, maana ameniambia Orlando watakwenda kucheza Berlin kwenyewe tarehe 15, na ni saa nne usiku kwetu, saa ya watu wazima. Wanacheza na Memphis. Nilipomwambia kwamba Memphis ndiyo iliyomchukua Thabeet, aliniangalia kama mimi ndiye niliyemchagua. Nimeanza kuwa mtaalamu.

Limebaki moja tu. Raba zake zimetoboka kidoleni, na mguu wake ni namba 48. Nimezunguka mjini mpaka Majengo, wauzaji wananicheka. Mmoja ameniuliza kama ni za sanamu. Kuna mwenye kujua?

---

BeloLaJumamosi alijibu:

Mzee, mimi nipo Sabasaba, upande wa viatu. Belo la raba nafungua Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi. 48 zinakuwemo, mara nyingi pea moja au mbili, watu wanazipita kwa sababu hazina miguu huku kwetu. Bei tutaelewana, naweza kukuwekea kando. Ila usije na namba tu, aje yeye mwenyewe. 48 ya kampuni moja ni 47 ya nyingine, na ya mtumba imeshanyooshwa na mguu wa mtu.

Nitamtambuaje?

---

FundiGeti_Nkuhungu alijibu:

Atakuwa ameinama chini ya maturubai yenu. Jezi ya bluu.